Zawadi za Mkono kwa Jamaa wa Ughaibuni: Nyepesi, na Zinazopita Forodhani

Tiketi ikishapatikana, kinachobaki kumsumbua msafiri ni sanduku. Kilo 23 zinaonekana nyingi mpaka uweke sweta, viatu na dawa zako za presha. Halafu kuna binti, mkwe, wajukuu, shemeji wa mji wa pili, na jirani wa zamani wa Tanga ambaye akisikia umefika atakuja na familia yake yote kukuamkia. Hao wote hutaki kuwapokea mikono mitupu.

Mwongozo huu ni kwa anayetoka Afrika Mashariki, hasa pwani, kwenda kuwaona jamaa Uingereza, Ulaya, Marekani, Canada au Ghuba, na anataka zawadi azitengeneze mwenyewe. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usibebe kinachouzwa kwenye duka la mtaani kwao. Leicester, London au Toronto, mtu anapata karafuu, mdalasini, unga wa muhogo, hata kisamvu kilichogandishwa. Asichokipata ni masala yaliyochanganywa kwa kipimo cha nyumbani kwenu, na kitambaa kilichoshonwa na mtu anayemjua. Basi hicho ndicho cha kubeba.

1. Orodhesha nyumba, usiorodheshe watu

Ukianza na majina ya watu utafika thelathini na utakata tamaa. Andika nyumba. Kila nyumba ipate kifurushi kimoja kisichozidi gramu 600, na ndani yake viwemo vitu vya wote: masala kwa mpishi, kitu cha kutafuna kwa watoto, kitambaa kwa mwenye nyumba. Nyumba nne zinakula kilo mbili na nusu hivi, nawe bado una nafasi ya kupumua. Nyumba utakayolala, hasa kama kuna mtoto mchanga, iongezee kitu kimoja cha pekee. Nitakitaja mbele.

2. Jua kinachokatazwa kabla hujanunua chochote

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri anayetoka kwetu kuingia na nyama au maziwa, wala vilivyotengenezwa kwa hivyo. Samli ya bibi, hata iwe nzuri vipi, ibaki nyumbani, pamoja na nyama iliyokaushwa. Matunda mabichi mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Umoja wa Ulaya umesamehe machache tu, kama nanasi, ndizi, nazi na tende. Majani mabichi ya mchuzi, yale ya mkaripata, yanachukuliwa nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani, kwa sababu mti wake ni wa ukoo mmoja na ndimu na unaweza kubeba wadudu na magonjwa ya michungwa. Majani ya mndimu na mlimau nayo ni hivyohivyo.

Marekani, kila chakula kinatajwa kwenye fomu au kwa ofisa, hata kama ni gramu 50 za iliki. Ukitaja kitu na kikakataliwa, kinachukuliwa na wewe unaendelea na safari. Ukificha kikaonekana, unaweza kupigwa faini. Australia ni wakali zaidi ya wote kwa mbegu, majani makavu na vitu vya ukili. Huko taja kila kitu, na uwe tayari kukiacha.

Kwa Ghuba kuna mambo mawili ambayo watu hawaambiwi. Falme za Kiarabu zinakataza mbegu za khashkhash (kwa Kiingereza poppy seeds), kwa hiyo anayekwenda Dubai au Abu Dhabi asizitie kwenye masala yake kabisa. Saudi Arabia inazuia kungumanga. Masala ya chai ya huko tengeneza bila kungumanga, hayataharibika ladha.

Sheria hizi hubadilika. Soma tovuti ya forodha ya nchi unayokwenda wiki moja kabla ya safari, au mwombe kijana akusomee.

3. Anza na kushona, malizia na viungo

Kitambaa hakipotezi harufu, masala yanapoteza. Kwa hiyo mwezi mzima kabla ya safari ni wa kanga na sindano. Wiki ya mwisho ndiyo ya jiko. Wengi hufanya kinyume, masala yakasagwa mapema na kusahauliwa kabatini, yakafika huko yamefifia.

*Mfuko wa kanga.* Nchi nyingi za Ulaya mifuko ya dukani inauzwa, kila mtu anatembea na wake. Mfuko wa kanga unakunjwa ukaingia mfukoni mwa koti, haufiki gramu 100, na mtu anautumia kila wiki. Kama una muda wa kutengeneza kitu kimoja tu cha kushona, tengeneza huu.

Nunua doti moja ya pamba halisi. Dar wengi huenda Kariakoo, Mombasa ni Biashara Street. Sugua kitambaa kati ya vidole: cha pamba kinakunjika na kubaki na mkunjo, chenye nailoni kinarudi na kuteleza. Kata pande mbili zitengane, kisha loweka kila upande peke yake kwenye maji baridi, ukibadilisha mpaka maji yatoke bila rangi. Kanga mpya imetiwa wanga na husinyaa kidogo. Ukiishona kabla ya kuifua, mfuko utapinda siku ya kwanza utakapofuliwa. Anika kivulini, piga pasi.

Sasa itandaze sakafuni uitazame vizuri kabla ya kushika mkasi. Kuna pindo kuzunguka, mji katikati, na jina karibu na pindo la chini. Jina ndilo roho ya kanga, na mara nyingi ni refu kuliko upana wa mfuko. Ukikata mfuko moja kwa moja juu yake, mtu atabaki na nusu ya methali. Fanya hivi:

- Kata jina kwanza, lote zima, kama ukanda mrefu. Acha sentimita 3 juu ya maandishi na 3 chini yake.
- Kwenye kitambaa kilichobaki kata vipande vinne vya sentimita 40 kwa 40. Hivyo ni mifuko miwili.
- Kwenye pindo refu kata vishikio vinne, kila kimoja upana wa sentimita 8 na urefu wa 60.
- Kishikio kunja kingo zote mbili zikutane katikati, kisha kunja tena. Unapata mkanda wa sentimita 2 wenye tabaka nne. Pitisha cherehani pande zote mbili.
- Unganisha vipande viwili vya mfuko ubavuni na chini. Rudia mshono mara ya pili, kwa sababu mfuko huu utabeba viazi na chupa za maziwa.
- Kunja mdomo wa mfuko sentimita 2 na uingize vishikio hapo, kila kimoja sentimita 10 kutoka ubavuni.
- Ukanda wa jina ukunje kingo, uuzungushe chini kidogo ya mdomo. Maneno yaanzie mbele na kumalizikia nyuma. Ushone juu na chini.

Ukimaliza vuta kishikio kwa nguvu zako zote. Kikiachia mshono nyumbani, afadhali. Kisiachie barabarani huko.

Kila upande wa doti una jina moja tu, kwa hiyo mfuko wa pili utakuwa wa maua bila maneno. Wenye jina mpe yule ambaye maneno yanamfaa. Na chagua maneno kwa makini sana. Kanga ya mipasho usimpelekee mkwe, hata kama rangi zimekuvutia. Tafuta ya dua, ya shukrani au ya mapenzi ya mama.

*Mbeleko.* Hiki ndicho kitu cha pekee nilichokisema. Binti akijifungua ughaibuni ananunuliwa viti na mikoba ya mtoto ya kila aina, lakini mtoto akigoma kulala saa tisa usiku, hakuna kinachoshinda kanga. Mbeleko haishonwi, inaandaliwa. Ifue kanga ya pamba mara nyingi, kwa sabuni isiyo na manukato, mpaka wanga wote utoke na kitambaa kilegee. Kanga uliyoivaa wewe mwenyewe miaka miwili mitatu ni bora kuliko mpya. Imelainika na ina harufu ya nyumbani. Usione haya kuipeleka. Piga pasi, kunja, funga kwa uzi. Kama ni mjukuu wa kwanza, ongeza upande mmoja wa kisutu, ile kanga ya jadi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe.

*Kazi ya kroshia.* Wenye mkono wa kufuma wanajua la kufanya, sina la kuwafundisha. Nasema tu: acheni vitambaa vya makochi, makochi ya huko hayavishwi. Fumeni kofia za watoto, soksi za mtoto mchanga, au vitambaa vidogo vya kuwekea kikombe. Sita kati ya hivyo vinaenea kwenye bahasha. Kwa mtoto tumia uzi wa pamba, na usitie vifungo wala shanga anazoweza kuzimeza.

4. Masala: kazi ya wiki ya mwisho

Hapa ndipo zawadi yako inapozidi ya dukani, kwa hiyo usiharakishe.

Masala ya pilau, kwa vifuko viwili vya karibu gramu 90:

- binzari nyembamba gramu 100 (Unguja ni uzile)
- pilipili manga gramu 25
- mdalasini wa vijiti gramu 25
- iliki gramu 15
- karafuu gramu 10

Hicho ni kipimo cha kuanzia. Kama kwenu karafuu husikika zaidi, ongeza; mtu wenu atatambua.

Mwaga binzari kwenye sinia jeupe, uichambue karibu na dirisha. Kuna vijiti, kuna mawe madogo yanayofanana na mbegu, na jiwe moja linatosha kumvunja mtu jino. Pepeta vumbi. Kila kiungo kipashe peke yake kwenye kikaango kizito, kikavu, moto mdogo. Binzari inataka dakika tatu au nne za kugeuza bila kuacha. Ikinukia na kubadilika rangi kidogo, ipua. Ukiona moshi, imeungua, na pilau yake itakuwa chungu. Pilipili manga na mdalasini uliovunjwavunjwa vinataka muda kama huo. Karafuu na iliki zipashe moto tu, nusu dakika, kwa sababu mafuta yake ndiyo utamu wenyewe na moto unayafukuza.

Mimina vyote kwenye sinia, uache vipoe kabisa. Watu wengi husaga vikiwa na joto kwa haraka ya kumaliza. Mvuke unageuka unyevu, masala yanashikana mabonge, na baada ya wiki mbili ndani ya kifuko yanavunda. Saa moja ya kusubiri inakuokoa. Mashine ikiwa imesaga pilipili au kitunguu saumu, sagia kwanza kiganja cha mchele mkavu, umwage unga wake, ndipo utie masala yako. Chekecha, rudisha makapi kwenye mashine, chekecha tena. Kisha yatandaze kwenye sinia, yakae nusu saa nyingine, maana mashine nayo huyatia joto.

Masala ya chai ni kwa njia ileile: tangawizi kavu gramu 60, mdalasini 30, iliki 30, pilipili manga 15, karafuu 8. Tangawizi haikaangwi, hakikisha tu imekauka mpaka inavunjika kwa sauti. Yenye nyuzi usiisage nzima, itwange kwanza kwenye kinu.

*Mchaichai* ni zawadi nyepesi kuliko zote. Kata majani mabichi, yaoshe, yakung'ute maji, yakate kwa mkasi vipande vya sentimita moja, uyatandaze juu ya kitambaa safi kivulini penye upepo. Jua kali linayafanya meupe na kuyaondolea harufu. Siku tatu au nne, ukiyageuza asubuhi na jioni, yatavunjika ukiyafinya. Gramu 30 zinajaza kifuko kizima na zinatosha chai ya mwezi.

5. Cha kutafuna: ubuyu kidogo

Kashata za nazi ni tamu, lakini nazi ina mafuta na huvunda, na uzito wake ni mkubwa. Haluwa nzuri ni kazi ya mpishi wa haluwa, nayo ni nzito. Achari ya embe inavuja, na mafuta yake hayasamehi nguo. Kwa watoto mimi nachagua ubuyu wa kupika nyumbani, ambao hauna rangi kali ya dukani.

Chukua nusu kilo ya ubuyu na uchekeche unga wake pembeni. Chemsha robo kilo ya sukari na kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo, na pilipili ya unga kama wanaipenda, mpaka shira ianze kunata kwenye mwiko. Tia mbegu, geuza mpaka zote zimevikwa. Epua, nyunyiza iliki na ule unga uliouchekecha, endelea kugeuza mpaka zitengane. Tandaza usiku kucha. Unyevu wowote ukibaki utafika na donge moja. Gramu 250 kwa nyumba zinatosha.

Watoto wadogo waangaliwe, mbegu zisiwapalie. Na kwa kitu chochote chenye njugu au korosho, mwambie mzazi waziwazi: shule nyingi huko zinakataza njugu darasani kwa ajili ya watoto wenye mzio.

6. Daftari la mapishi

Hili halina uzito karibu wowote, na ndilo linalodumu. Chukua daftari jembamba, uandike kwa mkono mapishi saba au nane ya nyumbani: pilau, mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, maharage ya nazi, uji wa mzazi. Usiandike "chumvi kiasi". Pika mara moja ukiwa na mizani na kikombe karibu, uandike unachotia kweli. Bibi akiwapo, kaa naye jikoni umwandikie anayoyasema, pamoja na maneno yake: "moto upunguze ukisikia wali unanung'unika." Andika pia mbadala wa huko, kama tui la kopo badala ya nazi ya kukuna. Kijana aliyezaliwa Birmingham anaweza kulifuata daftari hilo peke yake.

7. Kufunga

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, kwa hiyo usifunge zawadi kwenye rambo la zamani ulilolificha kabatini. Tumia vifuko vya karatasi vyenye foili ndani, au makopo mepesi yenye kifuniko cha kubana. Kifuko cha foili kinafungwa kwa pasi: weka karatasi juu ya mdomo wake, pitisha pasi ya moto sekunde chache, utaona umeshikana. Kisha kiweke ndani ya kifuko cha pili. Harufu ya binzari ikiingia kwenye sweta haitoki.

Kila kifuko bandika karatasi yenye jina la kitu, vilivyomo na tarehe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ofisa akiona unga wa kahawia usio na maandishi ana haki ya kuuliza maswali mengi. Akiona orodha yenye cinnamon na cumin, kwa kawaida anafunga sanduku lako na kukutakia siku njema.

Unga wote uende kwenye sanduku la chini. Kwa safari za kuingia Marekani, tangu 2018 unga unaozidi mililita 350 mkononi hukaguliwa zaidi na unaweza kuzuiwa usiingie nao ndani ya ndege. Mkononi weka daftari na mbeleko. Mashirika mengi ya Ghuba yanaruhusu kilo 7 tu huko. Vifurushi vya nyumba vipange katikati ya nguo, kila kimoja kimefungwa ndani ya mfuko wake wa kanga, ili zawadi iwe ndiyo kifungashio. Pima sanduku kwa mizani ya kuning'iniza ukiwa nyumbani, ubakize kilo moja.

Hiyo kilo moja uilinde. Siku mbili kabla ya safari watu wataanza kugonga: "Mama, kifurushi kidogo tu, mtoto wangu atakuja kukupokea." Usikubali kitu ambacho hukukiona kikifungwa, awe jirani, awe shemeji. Sanduku ni lako na forodhani utaulizwa wewe. Jibu kwa upole kwamba mzigo umeshafungwa na kupimwa, na kama unampenda sana mtu huyo, chukua barua yake, iliyo wazi.

Ukifika, usigawe siku ya kwanza ukiwa na usingizi wa safari. Pumzika, kisha mkae na wenye nyumba mfungue pamoja. Masala yahamishieni kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na jiko na dirisha, wala si kwenye friji, maana kila likifunguliwa unyevu unaingia. Yatumike ndani ya miezi sita. Kikiwapo kifuko cha pili, kikae kwenye frizi bila kufunguliwa, kitolewe cha kwanza kikiisha.